Mtoto wa Afande Aliyenona kwa Sukari

Mimi nilikuwa mpishi, vijana. Nasema mapema msije mkanipa cheo kisicho changu, maana siku hizi mtu akifanya kazi kliniki, hata kama alikuwa anafungua geti tu, wajukuu wake watatangaza msibani kwamba alikuwa daktari. Nilipika. Nilipika maharage, karanga, dagaa na ndizi katika kliniki ya watoto upande wa Kasubi, miaka ile ya serikali ya jeshi, na walaji wangu wengi hawakuwa na meno ya kutosha kunilalamikia.

Kabla ya hapo nilikuwa mpishi wa harusi. Sisi Waswahili wa Kampala, ambao babu zetu walikuja na misafara ya biashara wakasahau kurudi pwani, tulijulikana kwa mambo mawili: kufundisha Kurani na kupika pilau. Masomo sikuyafikisha mbali, ya chuoni wala ya shule, kwa hiyo nikashika mwiko. Kisha Wahindi wenye maduka wakafukuzwa nchini, mchele na mafuta vikawa vitu vya magendo, na watu wakaanza kuoana kimyakimya kwa chai ya rangi. Mpishi wa harusi afanyeje? Nikasikia kliniki wanatafuta mtu wa jikoni, nikaenda na kofia yangu kichwani. Toka siku hiyo wakaniita Hajji. Makka sijafika hata leo, lakini Kampala ukivaa kofia na ukajua kupika wali, hija yako imeshakubaliwa.

Mjue pia kwamba kwa Waganda mwanamume hapiki. Siku za kwanza akina mama waliacha foleni yao wakaja mlangoni kunitazama nikimenya ndizi.

"Nnyabo, njoo uone. Mke wake amekufa?"

"Hapana, yuko. Nimemwona sokoni."

"Basi amemlisha kitu."

Mkubwa wangu jikoni alikuwa Nnalongo, yaani mama wa mapacha, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye kilima cha pili. Siku ya kwanza alinipa maharage niyaponde kwa ajili ya mtoto aliyekuwa ametoka kuugua kuhara. Nikataka kumwonyesha kwamba ameletewa fundi. Nikatia iliki, mdalasini na pilipili manga kidogo. Nnalongo akaonja, akameza, akafumba macho.

"Hajji," akasema, "huyu mtoto anataka kupona au anataka kuoa?"

Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kifurushi ambacho Waganda wanakiita etu. Unachukua jani la mgomba, unalipitisha juu ya moto mpaka lilegee, maana jani bichi hupasuka na chakula chote kikaishia chunguni. Ndani unaweka chakula cha mtoto peke yake: ndizi kidogo, karanga zilizopondwa, maharage yaliyomenywa ganda, au dagaa wetu wa ziwani wanaoitwa mukene, waliosagwa hata macho yao yasikuangalie. Unafunga, unakiweka juu ya ndizi za watu wazima ndani ya chungu kilekile, kinaiva kwa mvuke. Mtoto anapata chakula chake bila kuni za ziada na bila kugombana na baba yake kwenye sinia. Mtu aliyebuni jambo hili hakwenda shule, na sidhani kama kuna shule ingemwongezea kitu.

Sasa mtaniuliza, kama wenyewe walikuwa na akili hiyo, kwa nini watoto walikuja kwetu wamevimba au wamebaki ngozi? Nami nililiuliza. Nnalongo aliniambia nisikilize anavyowauliza akina mama. Hakuwauliza mtoto anakula nini, kwa sababu kila mama atakwambia anakula kila kitu, na baadhi yao watakuongezea nyama. Aliwauliza swali moja, kwa upole, akiwa amempakata mtoto: "Bibi yake yuko wapi?"

Hapo mikono iliinuka. Mmoja alionyesha upande wa Masaka. Mwingine Mbale. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akiuza vitenge alionyesha magharibi, na mkono wake ulikaa juu muda mrefu kuliko ya wenzake. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha nyumba ya jirani.

Nikaanza kuelewa. Kijijini mtoto akiachishwa ziwa anahamia kwa bibi. Bibi ana muda, ana kuku, ana karanga kwenye pindo la nguo. Mtoto akitoka hapo anapita nyumba tatu na kila nyumba inamtilia kitu mdomoni. Sasa baba amepata kazi kiwandani Bugolobi, wamehamia chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mtu. Jani la mgomba, ambalo kijijini ni la kufunikia kichwa mvua ikinyesha, hapa linauzwa sokoni. Chungu ni kimoja, jiko ni la mafuta ya taa, na mafuta ya taa yenyewe hayapatikani. Mama naye ametoka asubuhi kuuza nyanya, mtoto amebaki na dada yake wa miaka saba, na dada anajua kupika kitu kimoja: chai. Maji ya chai yametoka kwenye kisima kilicho chini ya vyoo vya mtaa mzima. Mtoto anayestahimili hayo yote, huyo ndiye wa kupewa medali.

Si wote waliopona, na sitawadanganya. Wapo walioletwa jioni na asubuhi kitanda kikawa kitupu. Mimi mwenyewe nilimzika binti yangu Zuhura kabla sijaingia kliniki ile. Surua. Alikuwa anaanza kutamka maneno. Sikuwa mtu wa kumsemea sana wakati ule na leo pia sitamsemea sana, ila mke wangu mtaa mzima bado wanamwita mama Zuhura, na mimi kila nilipofunga kifurushi cha jani nilikibana vizuri.

Basi, Afande.

Siku moja asubuhi gari la jeshi lilisimama mbele ya kliniki. Ghafla foleni nzima ikakumbuka kazi za nyumbani. Akina mama walijifunga watoto mgongoni wakatoka kwa mlango wa nyuma, mmoja akiwa bado na mtoto kwenye mizani, akaenda na mizani. Tuliipata kesho yake. Akashuka sajini mmoja mrefu kutoka West Nile, kule kaskazini, nyuma yake mke wake mwenye mimba, mikononi mwake mtoto wa kiume anayeitwa Ayiko, jina ambalo kwao maana yake ni furaha. Umri wake ulikuwa wa kukimbia uani.

Sista Robina, muuguzi wetu mkubwa, alikuwa hodari, lakini Kiswahili kilimkwama kooni, hasa mbele ya bunduki. Nnalongo ndiyo kabisa. Na Afande hakujua Kiganda. Nikaitwa kutoka jikoni na mwiko wangu.

"Mtoto yangu iko na kidonda kidogo kwa mguu," Afande akasema. "Pakeni dawa, mimi naenda. Yeye iko sawa. Angalia vile iko mnene."

Akatoa picha mfukoni, ya studio, Ayiko amekalishwa juu ya kiti mashavu yamejaa. Alikuwa ametuma nyingine kama hiyo kwa mama yake kijijini, ili wajue mjini watu wanakula.

"Huko nyumbani alikuwa kijiti," akasema. "Hapa Kampala nakula mkate, nakunywa soda, chai na sukari mingi. Sukari, Hajji. Nani leo iko na sukari? Hata nywele nabadilika, nakuwa nyekundu kama ya Mzungu."

Nilimtazama mtoto. Uso mviringo, miguu mviringo, ngozi ya mapajani inabanduka kama rangi ya ukuta. Hakulia. Hakutazama mtu. Nzi alitua mdomoni mwake naye akamwacha. Nyinyi mnaoanza kazi, mwogopeni mtoto asiyemjali nzi.

Sista Robina akanong'ona kwa Kiganda: "Mwambie huu si unene, ni maji. Mtoto hana chakula cha kumjenga. Tukimwacha hivi atakufa." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaniacha mimi na Kiswahili changu.

Nilifikiri nitafute maneno ya kuzunguka. Nina maneno mengi, ni mtu wa harusi. Lakini mtoto alikuwa pale, na maneno ya kuzunguka huchukua muda.

"Afande, huyu mtoto hajanenepa. Amevimba kwa kukosa chakula."

Nnalongo, ambaye hakuelewa neno, alielewa.

"Unasema mtoto ya askari iko na njaa?"

"Nasema hivyo, Afande."

"Mimi naleta sukari kwa nyumba, wewe nasema njaa."

"Usiniamini mimi. Weka kidole gumba chako hapa, juu ya mguu wake. Bonyeza kidogo. Ngoja. Sasa ondoa."

Akaondoa. Shimo la kidole chake likabaki kwenye mguu wa mtoto, kama mtu aliyebonyeza unga uliokandwa. Tukangoja lijae. Halikujaa.

"Sasa jibonyeze mwenyewe mkononi."

Akajibonyeza. Nyama ikarudi mara moja. Akaubonyeza tena mguu wa mtoto, pahali pengine, polepole, kama anayetumaini atapata jibu lingine. Kisha akavua kofia yake akaishika. Hakuniuliza tena habari ya njaa. Aliuliza: "Dawa iko wapi?"

Dawa, tukamwambia, ni chakula, na chakula si kile. Mama alale hapa na mtoto, apike na sisi.

Asubuhi yake Afande akaja ametii kwa namna ya kijeshi. Alishusha kreti ya soda, mikate, na mfuko wa sukari ambao kwa miaka ile ungeweza kumwolea mwanamume mke. Nnalongo akauzunguka ule mfuko kama mtu anayemzunguka nyoka.

"Mwambie arudishe," akasema. "Hiki ndicho kilichomvimbisha."

Mama Ayiko, ambaye mpaka wakati huo hatukuwa tumeisikia sauti yake, ndipo akasema, akitazama chini: "Huko kwetu mama ya bwana yangu nasaga simsim, ile ufuta, na karanga pamoja, nachanganya na majani ya kunde. Mtoto nakula hiyo. Mimi najua."

"Sasa kwa nini wewe hapana pika?" Afande akauliza.

"Wewe ulisema hiyo chakula ya kijiji. Na kwa kambi hakuna jiwe."

Hakuna jiwe. Nimelikumbuka neno hilo maisha yangu yote. Mwanamke huyu alijua kila kitu tulichotaka kumfundisha. Alivuka mto Naili na ujuzi wake wote kichwani, ila jiwe la kusagia halipandi basi. Akaachishwa ziwa mtoto kwa ajili ya mimba, bibi hayupo, jiwe halipo, kukawa na sukari.

Afande akaweka kofia kichwani. "Tunaenda tafuta jiwe. Hajji, ingia gari."

Nikaingia. Niliketi mbele kama waziri, sukari nyuma yetu. Tulipita mtaani kwetu, nikawapungia mkono watu niliowajua. Hakuna aliyenipungia. Sikulifikiria sana jambo hilo.

Soko la kwanza, tuliposimama tu, wauzaji wote walitoweka. Mabiringanya yapo, mihogo ipo, watu hakuna. Afande akasimama katikati ya vibanda.

"Kwa nini hii watu nakimbia?"

"Wanakukimbia wewe, Afande."

"Mimi? Mimi nataka jiwe tu."

"Wao hawajui."

Soko la pili vivyo hivyo. Tukafika Ggaba, kwenye mwalo wa samaki, na pale niliona jambo ambalo sijaliona tena: wavuvi waliokuwa wamefika nchi kavu wakarudi ziwani, wengine bila makasia. Akabaki bibi mmoja tu, ameketi nyuma ya rundo la mukene, amekunja uso.

"Bibi, mbona wewe hukukimbia?" nikamuuliza.

"Magoti," akasema.

Karibu naye palikuwa na jiwe la kusagia zuri, lililochimbika katikati kwa kutumika, amelitumia kukandamizia turubai upepo usilichukue. Nikamweleza shida yetu. Akamtazama Afande kutoka buti mpaka kofia.

"Huyu? Anataka kusaga simsim?"

"Kwa ajili ya mwanawe."

Afande akainama, akamwonyesha ile picha ya studio, sijui kwa nini. Bibi aliishika mbali na macho, akaitazama.

"Amevimba," akasema kwa Kiswahili cha sokoni.

"Ndiyo, mama," Afande akajibu. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akimwita mtu mama.

"Mna sukari?" bibi akauliza.

Basi sukari ile tukaiacha Ggaba, nasi tukaondoka na jiwe, kijiwe chake cha mkononi, na mukene wa kujaza debe. Bibi alitaka kuongeza sangara mzima, nikamkatalia, maana Afande angemtia mtoto mdomoni na miba yake.

Jua lilikuwa bado juu aliponishusha mtaani kwetu. Nikakuta mikeka imetandazwa mbele ya nyumba yangu, wazee wameketi, wanawake wanalia ndani, na sufuria ya wali inatoa mvuke. Nikamuuliza mtu nani amekufa. Akanitazama, akakimbilia ndani. Mke wangu akatoka na kanga kichwani.

"Umetoka wapi?"

"Ggaba. Tulikwenda kutafuta jiwe."

"Jiwe la nini?"

"La kusagia simsim."

"Basi kaa ule," akasema. "Msiba wenyewe ni wako."

Nikakaa nikala. Chumvi ilikuwa kidogo, na mimi niliyewapikia mtaa mzima nilisikitika kidogo, ila chumvi nayo ilikuwa ya magendo. Tulicheka sana siku ile. Jirani yetu mmoja, mama Hadija, hakucheka. Mume wake alipandishwa gari kama lile mwaka mmoja kabla, na mikeka yake haijatandikwa mpaka leo, kwa kuwa hakuna aliyejua siku ya kuitandika. Alinijazia sahani yangu mara ya pili, akaenda kwake.

Kliniki mama Ayiko alipiga magoti mbele ya lile jiwe akaanza kusaga. Nnalongo alimtazama kwa wivu wa fundi. Kesho yake wakawa wanabadilishana: huyu anafunga jani, yule anasaga, hawana lugha ya pamoja, wanacheka. Mtoto tulimlisha kidogo kidogo, kila mara, maana tumbo lililolala huwezi kuliamsha kwa ngumi. Mwanzoni uji ulitoka kama ulivyoingia. Ikafika siku ukabaki.

Hapa pana jambo ambalo nyinyi lazima mlijue, na mlimwambie mzazi kabla hajaliona mwenyewe. Mtoto aliyevimba akianza kupona, maji yanatoka kwanza. Anapungua. Mashavu yanakwenda, mbavu zinatokea, na aliyekuwa akionekana mnene anaonekana ndiyo kwanza anakufa. Afande alikuwa ametumwa safari ya kazi. Hatukuwa tumemwambia.

Habari za Ayiko baada ya hapo sinazo. Vita ilipofika Kampala, askari wa upande wa kaskazini walikimbia na familia zao, wengine kwa miguu, na sikuwahi kumpata mtu wa kuniambia kama walifika. Nawaambia ninachokijua, nacho kinaishia siku ile Afande aliporudi.

Alitoka kwenye gari bado na vumbi la safari, akaingia wodini, akamwona mwanawe ameketi kwenye mkeka, mifupa mitupu, miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Sauti yake ilitikisa vikombe.

"Nini hii? Mimi naacha mtoto mnene, nyinyi nanipa mifupa. Hajji, wewe naua mtoto yangu."

"Afande, ni maji yametoka. Mbonyeze mguu."

"Mimi hapana bonyeza kitu. Mimi nabeba yeye, naenda."

Mama Ayiko akasimama mbele yake na tumbo lake. Kama angembeba siku ile, akarudi kwenye mkate na soda, nilijua tungemwona tena mara moja tu. Niliangalia mikono yake mikubwa ikishuka.

Mbele ya Ayiko palikuwa na kifurushi chake, jani limefunguliwa, chakula kimebaki nusu. Afande, ili apate kumwinua mtoto, akalisogeza jani pembeni.

Mtoto yule ambaye nzi alikuwa akitua mdomoni mwake bila kufukuzwa, aliona chakula chake kinaondoka. Akatoa mlio kama paka aliyekanyagwa mkia, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yote miwili, akamuuma kidole.

Afande akakivuta kidole, akakitazama. Palikuwa na alama za meno, ndogo, mbili juu na mbili chini.

"Ameniuma," akasema.

"Anasemaje?" Nnalongo akaniuliza. Nikamwambia. Naye akaja mpaka mbele ya askari yule, akasimama kimo cha mkanda wake. "Mwambie mtoto anayekufa hana shughuli ya kuuma mtu."

Nikamwambia.

Afande akapiga magoti kwenye mkeka, na buti zake zote. Akalirudisha lile jani mbele ya mwanawe, akalinyoosha vizuri. Ayiko akachota kwa mkono mzima akala, huku akimwangalia baba yake kwa hasira. Kisha taratibu akamnyooshea kidole kingine.